Mtego wa Patterson na sifa zisizofifia

Kila ninapofundisha historia ya reli hapa Kongo, Kawangware, wanafunzi hunisimulia kisa kile kile: mhandisi Mzungu aliunda mtego wa ajabu, akawanasa simba wa Tsavo, na kwa werevu wake reli ikapata kupita hapo Kibera. Hebu, ndugu msomaji, tuyatazame maisha ya mtu huyo.

John Henry Patterson alizaliwa Ireland mwaka 1867, akalitumikia jeshi la Uingereza huko Bara Hindi. Machi 1898 alifika Mombasa, akatumwa kujenga daraja la mto Tsavo. Punde simba wawili wakaanza kuwala wafanyakazi.

Patterson alitengeneza mtego wa mataruma, vyuma vya reli na minyororo. Ulikuwa na vyumba viwili: kimoja cha watu waliokuwa chambo, kingine cha simba. Usiku mmoja simba aliingia, mlango ukajifunga. Askari waliokuwa ndani wakafyatua risasi ovyo kwa hofu. Moja ikang'oa chuma cha mlango, na simba akatoroka. Desemba mwaka huo Patterson aliwaua wote wawili kwa bunduki. Mwenyewe alikieleza kioja cha mtego katika kitabu chake cha mwaka 1907. Alifariki Marekani mwaka 1947.

Mbona basi mtego ungali unasifiwa? Kwa sababu hadithi ya werevu wa mtu mmoja ni nyepesi kukariri: ina jina moja, chombo kimoja na ushindi mmoja. Kila msimulizi huongeza chumvi. Kitabuni, Patterson alitaja Wahindi 28 walioliwa, pamoja na Waafrika ambao hawakuandikwa popote. Baadaye akataja watu 135. Utafiti wa mwaka 2009 wa nywele na mifupa ya simba hao ulikadiria watu 35 hivi.

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya uvumi huu imepita karne nzima. Hasara yake si ndogo. Reli hiyo ilijengwa na Wahindi zaidi ya 31,000. Takriban 2,500 kati yao walifariki, wengi kwa maradhi na ajali. Waafrika waliokufa hawakuhesabiwa.

Walimu wenzangu, tukiendelea kuusifu mtego ulioshindwa, tutakuwa tunawasahaulisha watoto mikono iliyotandika mataruma yale.