Joginder Singh: mutoto wa garaji aliyeshinda Safari mara tatu

Hapa Kolwezi, heshima ya mutu mwenye kujua magari iko wazi. Mukubwa wa mugodi anaweza kuwa na ofisi nzuri, lakini siku kamyo inakufa mu njia ya Likasi na muzigo wa shaba juu yake, mutu mwenye kungojewa ni mekanisie. Mutoto mwenye kukomaa karibu na garaji anajifunza ile mapema. Ndiyo sababu, wapendwa wasomaji, leo tunawaletea maisha ya Joginder Singh wa Kenya. Alianza chini kabisa, mikono yake mu mafuta, na akafika kuwa shofere wa kwanza kushinda mara tatu Safari, mashindano ya magari yenye kujulikana kuliko yote mu Afrika.

Joginder alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1932 ku Kericho, mu milima ya chai. Baba yake alitoka Punjab, ku India. Walikuwa watu wa dini ya Sikh, wale wanaume wa kilemba na ndevu ambao watu wa Afrika ya Mashariki wanawaitaka Makalasinga. Wahindi wengi waliletwa na Waingereza juu ya kujenga reli ya kutoka Mombasa mpaka ku Ziwa Victoria, kazi yenye kuanza mwaka 1896 na kumalizika mwaka 1901. Wengine waliwafuata nyuma. Kati yao Makalasinga walijulikana kwa kazi ya mbao, ya vyuma na ya mashine. Ku Nairobi jina la Kalasinga na jina la fundi yalikuwa karibu kitu kimoja.

Kenya ya wakati ule ilikuwa ya Waingereza, na watu waligawanywa kwa rangi: shule ya Wazungu, shule ya Wahindi, shule ya Waafrika. Wazee wetu wenye kuishi hapa wakati wa Union Minière hawana lazima ya kuelezwa zaidi. Walijua muji wa Wazungu na kambi ya wafanyakazi, na mupaka wa katikati. Mu inchi ya namna ile, mutoto wa fundi hakuwekewa meza tayari. Nyuma ya masomo ya Nairobi, Joginder aliingia mu garaji. Alianza sawa mutoto wa mukono: kuleta vyombo vya kazi, kuosha vyuma, kuangalia wakubwa wanafungua motere na kuifunga tena. Polepole njo mwenyewe akawa fundi.

Mwaka 1958 alipata kazi yenye kumufundisha kuliko shule yote. Royal East African Automobile Association, shirika la wenye magari, lilimuandika kuwa mutu wake wa kwanza wa kuzunguka mu barabara. Gari ya memba ikikufa njiani, yeye njo mwenye kwenda kuiamusha. Kila mekanisie wa kwetu anajua shule ile iko namna gani. Resori imekatika juu shofere aliingia mu shimo na mbio. Motere imeungua juu mutu alikataa kusimama wakati maji yamekwisha. Joginder aliona kitu gani kinavunjikaka, fasi gani, na juu ya nini. Alijifunza pia barabara zenyewe, wakati wa vumbi na wakati wa potopoto. Alikuwa na miaka 26, na njo wakati ule alianza kushindana.

Tueleze kwanza hii Safari ilikuwa nini. Ilianza mwaka 1953, juu ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Njia ilipita mu Kenya, mu Uganda na mu Tanganyika. Haikuwa mashindano ya kuzunguka mu kiwanja mbele ya watu wenye kukaa. Magari yalipita mu barabara za kila siku, zenye mabasi, ng'ombe na watoto wa shule, muchana na usiku, wakati wa Pasaka, pale mvua kubwa inaanza. Urefu ulikuwa karibu kilometa 5,000. Ni sawa mutu atoke Kolwezi, afike Lubumbashi na arudi, zaidi ya mara nane, bila kulala vizuri. Mu miaka ya kwanza magari yalikuwa ya kawaida, sawa yale yenye kuuzwa mu magazini, na yaligawanywa kwa bei yake.

Hesabu yake haikuwa nguvu kufahamu. Kila gari ilipewa saa ya kufika ku kontrole. Kila dakika ya kuchelewa iliandikwa sawa deni. Mwisho wa yote, mwenye deni kidogo njo mushindi. Lakini mbele ya kuhesabu deni, lazima kwanza ufike. Na pale njo wengi walishindwa. Gari iliyozama mu potopoto saa tatu, ama iliyovunjika mu giza mbali na muji, haikuokolewa na mbio ambayo shofere alikimbia asubuhi.

Kampuni za Ulaya zilikuja na pesa na mashofere wa jina. Walikuwa watu hodari, tusiwazarau. Lakini kutoka 1953 mpaka 1971, hakuna shofere hata mumoja wa kutoka inje aliyeshinda. Washindi wote walikuwa watu wenye kuishi mu Afrika ya Mashariki, wenye kujua barabara zao. Paka mwaka 1972 njo Hannu Mikkola wa Finland alivunja desturi ile, na gari ya Ford Escort.

Sasa tufike ku Pasaka ya 1965. Joginder alikuwa na miaka 33. Kenya ilikuwa imepata uhuru mwezi wa kumi na mbili mwaka 1963, haikupita hata miaka miwili. Gari yake ilikuwa Volvo PV544, ile ya mugongo wa duara, yenye sura ya zamani. Mwaka ule ule Volvo yenyewe iliacha kuitengeneza. Tena haikuwa mupya: timu ya Volvo ilikuwa imekwisha kuitumia. Joginder na ndugu yake Jaswant waliichukua na kuitayarisha kwa mikono yao. Jaswant njo alikaa pembeni yake mu mashindano.

Bahati iliwapa namba moja ya kuondoka. Mwenye kuondoka wa kwanza hakuli vumbi ya wengine, lakini pia hana alama ya gari ingine mbele yake ya kumuonyesha fasi ya potopoto. Ndugu hawa wawili waliondoka wa kwanza, na walirudi Nairobi wakiwa washindi, wakiacha wa pili nyuma kwa zaidi ya saa moja. Mu mashindano ambamo dakika moja ni deni, saa moja ni bahari. Na waliifanya na gari ambayo tajiri angeona iko ya kuuzishwa.

Watu wa Kenya walimupokea sawa mutoto wao. Walimuita Simba. Magazeti ya Kiingereza yalimuita Sikh mwenye kuruka. Wakati ule watu wengi walikuwa wanajiuliza kama Wahindi wa Kenya watabaki ama wataondoka, na wengi waliondoka kweli. Lakini ku pembeni ya barabara, wakati gari ya Joginder inapita, wanakijiji walipiga kelele kwa jina lake. Hawakuangalia alitoka wapi. Waliangalia kazi yake.

Mutu anaweza kufikiri kwamba nyuma ya ushindi ule mambo yalikuwa laini. Hapana. Miaka tisa ilipita bila ushindi ingine. Alibadilisha gari, alibadilisha wenzake wa pembeni, aliendelea kuondoka kila Pasaka. Mwaka 1968 mvua ilikuwa kali mpaka kati ya magari 93 yaliyoondoka, yalifika paka 7. Joginder alikuwa kati ya wale 7, wa tano, mu gari ya Datsun. Hakuna kikombe kikubwa cha wa tano. Lakini fundi mwenye akili anajua kufika kule kulikuwa na maana gani, wakati magari 86 yalibaki njiani.

Mu mwaka 1973 Safari iliingia mu hesabu ya ubingwa wa dunia. Mwaka wenye kufuata, 1974, njo mwaka ambao sisi hapa tunaukumbuka juu Leopards walienda Ujerumani ku Kombe la Dunia, na Ali akapigana na Foreman ku Kinshasa. Mbele ya mambo yale mawili, wakati wa Pasaka, Joginder aliondoka na Mitsubishi Colt Lancer, pamoja na David Doig. Lancer ilikuwa gari ndogo, ya motere ya 1,600. Kati ya wenye kushindana naye alikuwa Björn Waldegård wa Sweden mu Porsche 911, gari ya nguvu na ya mbio sana. Ku mwisho, Lancer ilikuwa ya kwanza, Porsche ya pili. Joginder alikuwa na miaka 42, umri ambao mashofere wengi wanapumuzika.

Mwaka 1976 alirudia, tena na Lancer, tena na David Doig. Safari ile Mitsubishi ilichukua nafasi tatu za kwanza: Joginder mbele, Robin Ulyate wa pili, Andrew Cowan wa tatu. Ushindi wa tatu. Mbele yake kulikuwa watu wa kushinda mara mbili, lakini mara tatu hakuna. Nyuma, Shekhar Mehta, mutoto wa Kampala, alimupita kwa ushindi wa mara tano. Lakini njia ya mara tatu, Joginder njo aliifungua.

Sasa siri yake ilikuwa nini? Sisi tunaona jibu liko mu hesabu moja. Joginder aliondoka mu Safari 22, na alimaliza 19. Mu mashindano ambamo mara nyingi nusu na zaidi ya magari yanabaki njiani, hesabu ile inashangaza kuliko vikombe vitatu. Haitoki ku bahati, juu bahati hairudi mara 19. Inatoka ku garaji. Mutu aliyefungua motere mara mia anasikia sauti yake inabadilika mbele haijakufa. Mutu aliyefunga resori na mikono yake anajua inaweza kubeba nini, na fasi gani apunguze. Wengine walikuwa na mbio kumupita mu kilometa 10. Mu kilometa 5,000 walikuwa wachache.

Tunasema hii hapa kwetu kwa sababu. Vijana wetu wanapenda mbio, na si vibaya kuipenda. Lakini mu njia ya Lubumbashi tunaonaka kila mwezi magari yenye kulala mu mufereji, na familia zenye kulia juu ya baba aliyetaka kupita kamyo ingine mbele ya kona. Na mu garaji zetu tunaonaka vijana wenye haya ya kazi yao, wenye kusema wako pale tu juu walikosa kazi ya ofisi. Joginder hakuona haya. Kazi ya kulala chini ya gari njo ilimuweka mbele ya Porsche.

Nyuma ya kuacha mashindano, jina lake lilibaki. Mu Kenya, shofere mwenye kukimbia sana aliweza kuulizwa kama anajiona Joginder. Alimalizia maisha yake mu Uingereza, na alikufa mwezi wa kumi mwaka 2013, akiwa na miaka 81. Wengi wenye kutaja jina lake leo hawakumuona hata siku moja mu gari. Waliisikia ku wazazi wao, sawa hapa watoto wetu wanasikia majina ya wachezaji wa 1974.

Kwa baba mwenye kuondoka usiku huu na muzigo kwenda Kasumbalesa, na kwa mama mwenye kubaki nyumbani akihesabu saa, tunaacha ile hesabu moja tu: mara 22 kuondoka, mara 19 kufika.