Ishi, Fundi wa Vigumba vya Mawe

Zikitajwa zana za mawe, fikira zetu hukimbilia kale na kale, zama zisizo na hesabu. Lakini fundi mmoja wa kazi hiyo alifariki dunia tarehe 25 Machi 1916 huko San Francisco, Marekani, mji wenye taa za umeme na motokaa.

Jina lake halisi halijulikani. Kwao, kabila la Wayahi wa California ya kaskazini, haikuwa adabu mtu kujitaja jina mbele ya wageni. Ndipo mtaalamu Alfred Kroeber akamwita Ishi, maana yake mtu katika lugha ya kwao.

Wayahi waliishi kwa kuwinda, kuvua na kuokota matunda ya porini. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1848, walowezi walimiminika, na watu wake wakamalizwa kwa bunduki, maradhi na njaa. Wachache waliosalimika walijificha makorongoni miaka mingi. Agosti 1911 Ishi alitokea peke yake penye machinjio karibu na mji wa Oroville, amekonda kwa njaa. Alitiwa jela, kisha akachukuliwa kuishi katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha California.

Huko watu walifurika kumtazama kazini. Alitwaa kipande cha jiwe jeusi la volkeno, ling'aalo kama kioo, akakilaza juu ya ngozi kiganjani. Kwa ncha ya pembe alibinya ukingoni, kigae kikaruka, kisha kingine, hata kikatoka kigumba chembamba chenye makali ya wembe. Vipande vya chupa navyo alivichonga vivyo hivyo. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kutengeneza upinde na kulenga shabaha.

Kifua kikuu ndicho kilichomuua. Kroeber, akiwa mbali, aliandika barua kukataza maiti isipasuliwe. Barua ilichelewa. Mwili ulichomwa moto, na ubongo ukapelekwa Smithsonian, Washington, ukawekwa ghalani kama kitu cha makumbusho.

Sisi tuliofunzwa kwamba maiti ana haki zake hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mwaka 2000, baada ya madai ya wenyeji wa asili wa California, ubongo na majivu yake yalirudishwa, yakazikwa pamoja mahali pa siri katika nchi ya kwao.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.