Jenerali China: Mwanafunzi wa gereza la Lokitaung

MGENI afikaye mjini Lodwar aghalabu huonyeshwa nyumba ambamo Mzee Jomo Kenyatta alizuiliwa kati ya 1959 na 1961. Husimuliwa habari za joto na mchanga, na za mzee aliyelazimika kuripoti kwa afisa wa utawala mara mbili kila siku. Baada ya hapo wageni wengi hushika barabara ya kaskazini-magharibi kuelekea Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Ni wachache wanaoulizia Lokitaung, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako Mzee alikuwa amefungwa miaka sita kabla ya kuletwa Lodwar. Na ni nadra zaidi kumsikia mtu akimtaja mwanafunzi aliyefundishwa na Mzee ndani ya gereza hilo.

Mwanafunzi huyo ni Waruhiu Itote, aliyejulikana kote nchini kwa jina la Jenerali China.

Itote alizaliwa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, wilayani Nyeri. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Mnamo 1939, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia Nairobi kutafuta riziki na kujaribu bahati yake katika biashara ya mboga. Mahitaji yake wakati huo yalikuwa yale ya kijana yeyote mgeni mjini: chakula, pa kulala na shilingi mbili tatu za kuanzia maisha. Mwaka wa 1942 alijiunga na jeshi la KAR, akapelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na hatimaye Burma kupigana na Wajapani.

Huko ughaibuni ndiko macho yake yalikofunguka. Katika kumbukumbu zake anasimulia alivyozungumza na Wahindi waliodai uhuru wao, na pia na mwanajeshi Mmarekani mweusi. Mazungumzo hayo yalimfanya ajiulize ni kwa nini Mwafrika anafia vita vya kulinda uhuru ambao yeye mwenyewe hana. Aliporejea nyumbani alikuta walowezi wapya wakigawiwa mashamba katika nyanda za juu, ilhali wanajeshi Waafrika walirudi kwenye vipande na vibarua. Itote akapata kazi ya kuchochea moto wa garimoshi. Tumbo lilishiba kiasi, lakini sasa palikuwa na njaa nyingine.

Alijiunga na chama cha KAU na vijana wenye msimamo mkali jijini. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, vita vya msituni vilipamba moto, na Itote akawa kamanda wa wapiganaji wa Mlima Kenya, huku Dedan Kimathi akiongoza upande wa Nyandarua.

Mnamo Januari 15, 1954, alijeruhiwa na kutiwa mbaroni. Alihojiwa na afisa wa polisi Ian Henderson kwa saa 68, kisha akahukumiwa kunyongwa. Hapa ndipo penye kipengele cha maisha yake ambacho bado kinazua mjadala. Itote alikubali kuisaidia serikali ya kikoloni kuwasiliana na wenzake msituni ili wafanye mazungumzo ya kusitisha vita, na hukumu ya kifo ikaondolewa. Mazungumzo yalivunjika Aprili mwaka huo. Kuna waliomwona msaliti tangu siku hiyo, na wapo waliomwona kamanda aliyejaribu kuokoa maisha ya vijana wake. Kwa maoni yangu, si haki kumhukumu mtu aliyekuwa na kitanzi shingoni kana kwamba alikuwa ameketi sebuleni akinywa chai. Hata hivyo, ni wazi kwamba alifika Turkana akiwa amepoteza karibu kila kitu: jeshi, cheo na imani ya baadhi ya wenzake.

Lokitaung aliwakuta Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba, waliohukumiwa Kapenguria mnamo 1953. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, aliepushwa na kazi ya kuponda mawe na akawa mpishi wa wafungwa. Minyororo ilikuwa imemdhuru miguu, na mwili wake ulisumbuliwa na ugonjwa wa ngozi. Hali ya gereza ilikuwa duni kiasi kwamba 1958 barua ya malalamiko ya wafungwa ilipenyezwa nje na kuchapishwa katika gazeti la The Observer la Uingereza. Mwezi huo huo wa Juni, Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kuwatetea wafungwa hao kuwa ndio viongozi halisi wa Waafrika.

Wafungwa wenyewe hawakupatana. Kufikia 1957 walikuwa wamegawanyika makundi mawili, moja likijiita chama cha National Democratic Party na kumpinga Kenyatta. Wakati mmoja mfungwa alijaribu kumdunga Mzee kisu wakati wa kiamshakinywa. Katika mgawanyiko huo, Itote alisimama upande wa Kenyatta.

Na ni katika mazingira hayo, ya jua kali, mawe na visu, ambapo Itote alianza kujifunza Kiingereza. Mwalimu wake hakuwa mwalimu wa kubahatisha. Kenyatta alisomea London chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, akaandika kitabu Facing Mount Kenya mnamo 1938, na kabla ya kukamatwa alikuwa mkuu wa chuo cha walimu cha Githunguri. Mpishi akawa profesa, na jenerali akarudi kuwa mtoto wa shule.

Mwanasaikolojia Mmarekani, Abraham Maslow, aliandika 1943, wakati Itote akiwa bado askari wa KAR, kwamba mahitaji ya mwanadamu hufuatana kwa ngazi. Kwanza huja chakula na maji, kisha usalama, halafu upendo na kukubalika, baadaye heshima, na mwisho hamu ya kukuza kipawa alicho nacho. Walimu wengi hufundisha ngazi hiyo kana kwamba ni amri, ingawa Maslow mwenyewe alikiri kwamba wako watu wasioifuata. Mfungwa wa Lokitaung ni mmoja wao. Hakungoja ashibe ndipo aombe somo, wala hakuwa na usalama wowote wa kujivunia. Nadhani somo lenyewe ndilo lililompa vile alivyovikosa: mtu wa kumwita mwalimu, nafasi ya kuheshimiwa tena, na sababu ya kuamka asubuhi.

Itote aliachiliwa Juni 1962. Alipelekwa Israeli kwa mafunzo ya kijeshi, na serikali ya Kenya huru ilipoanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, mnamo 1964, aliteuliwa naibu mkurugenzi. Alidumu katika wadhifa huo kwa takriban miaka 20. Vijana waliopita mikononi mwake walitafuta kile kile alichokitafuta yeye Nairobi mnamo 1939, yaani riziki na ujuzi. Mnamo 1967 kitabu cha kumbukumbu zake, Mau Mau General, kilichapishwa kwa lugha aliyofunzwa na mpishi wa gereza. Alifariki Aprili 1993.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, maelfu ya wavulana kutoka Sudan Kusini ya leo, wengi wao wakiwa wametenganishwa na wazazi, waliwasili Kakuma baada ya kutembea kwa miguu kupitia Ethiopia. Walifika wakiwa na kiu na njaa, katika Turkana ile ile yenye jua lililowachoma wafungwa wa Lokitaung. Chakula kilikuwa cha mgao, maji ya foleni, na makazi ya turubai. Madarasa ya kwanza yalifunguliwa chini ya miti, wanafunzi wakaketi ardhini na kuandika mchangani kwa vidole.