Leonardo wa Pisa na Hesabu za Kujaza na Kumwaga

Kila aliyepita kidato cha pili aijua taabu ya tangi na mabomba. Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa 4, la pili kwa saa 6, na la tatu, lililo chini, humaliza maji ya tangi lililojaa kwa saa 12. Yote matatu yakifunguliwa pamoja, tangi tupu litajaa kwa saa ngapi? Katika jaribio la muhula uliopita mimi nilijumlisha 4 na 6, nikatoa 12, nikapata kasoro saa 2. Maana yake tangi langu lilijaa saa mbili kabla mabomba hayajafunguliwa! Mwalimu wetu wa hesabu hakunikemea. Aliniambia nikatafute habari za Leonardo wa Pisa, kisha nirudi kwake na jawabu. Habari nilizopata ni hizi.

Leonardo alizaliwa karibu na mwaka 1170 huko Pisa, Italia, mji wa mabaharia na wafanya biashara. Watu wa leo humwita Fibonacci, lakini jina hilo lilienea muda mrefu baada ya kufa kwake. Baba yake, Guglielmo, alipewa kazi ya kuwaandikia wafanya biashara wa Pisa mambo yao katika nyumba ya forodha ya Bugia, bandari ya Afrika ya Kaskazini ambayo leo yaitwa Béjaïa, nchini Algeria. Akamwita mwanawe amfuate, akamtia kwa walimu ajifunze hesabu. Basi mtu huyu, ambaye baadaye aliifundisha Ulaya, yeye mwenyewe alifundishwa katika bara letu. Nakiri kwamba nilipofika hapo niliwasomea wenzangu bwenini kwa sauti.

Huko Bugia alionyeshwa tarakimu tisa za Wahindi, pamoja na alama ya sifuri, jinsi Waarabu walivyozitumia. Wakati ule Ulaya waliandika kwa tarakimu za Kirumi, na hesabu zenyewe wengi walizifanya kwa kusogeza vijiwe juu ya ubao. Vijiwe vikishaondolewa, hakuna awezaye kurudi nyuma kuona kosa liliingia wapi. Kwa tarakimu mpya kazi yote hubaki karatasini. Sifuri yenyewe Leonardo aliiandika kwa Kilatini zephirum, kutokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno letu.

Alipokuwa mtu mzima alisafiri Misri, Shamu, Ugiriki, Sisilia na kusini mwa Ufaransa, na kila alipofika alijifunza njia za hesabu za wenyeji. Kisha akarudi Pisa, na mwaka 1202 akatoa kitabu kikubwa kiitwacho Liber Abaci. Ndani yake mna bei za bidhaa, kubadilishana fedha, kugawana faida ya shirika, na lile fumbo la sungura ambalo wengi hulijua. Mimi sungura niliwapita haraka, maana nilikuwa natafuta tangi.

Nililikuta katika sura ya mambo mchanganyiko, ila ni pipa, nalo lina matundu manne. Tundu la kwanza humaliza pipa kwa siku 1, la pili kwa siku 2, la tatu kwa siku 3, la nne kwa siku 4. Tena wapo simba, chui na dubu. Simba hula kondoo mmoja kwa saa 4, chui kwa saa 5, dubu kwa saa 6. Wakitupiwa kondoo mmoja wote pamoja, watammaliza kwa muda gani?

Leonardo hajumlishi saa kama nilivyofanya mimi. Yeye huuliza: tuseme wanakula kwa saa 60, kila mmoja atakuwa amekula kondoo wangapi? Simba 15, chui 12, dubu 10. Jumla ni kondoo 37 kwa saa 60. Basi kondoo mmoja ataliwa kwa 60 gawanya kwa 37, yaani saa moja na zaidi ya nusu kidogo. Saa 60 alizichagua kwa sababu zagawanyika kwa 4, kwa 5 na kwa 6 bila baki. Pipa nalo ni hivyo hivyo: kwa siku 12 matundu yangemaliza mapipa 12, 6, 4 na 3, jumla 25; pipa moja basi ni 12/25 ya siku.

Lakini yuko simba mwingine, naye alinikosesha usingizi. Huyu yumo shimoni, kina chake shubiri 50. Kila siku hupanda 1/7 ya shubiri, kisha huteleza chini 1/9. Ni sawa na tangi lenye bomba la kujaza na bomba la kumwaga. Leonardo alitoa 1/9 katika 1/7, akapata 2/63, akasema simba atatoka kwa siku 1575. Mimi nilihesabu mara tatu nikidhani kosa ni langu. Baada ya siku 1571 simba amebakiza chini ya 1/7 ya shubiri. Siku ya 1572 akipanda yu nje tayari, na aliyekwisha toka hatelezi tena! Mwalimu alichukua chaki akalirudia mwenyewe, akakubali.

Sifa za Leonardo zilimfikia Mfalme Frederick wa Pili. Karibu na mwaka 1225, mtaalamu wa mfalme, Johannes wa Palermo, alimpa mtihani: atafute mraba ambao ukiongezwa 5 hubaki mraba, na ukipunguzwa 5 hubaki mraba vile vile. Alijibu kwamba ni mraba wa 41/12. Anayetaka na aujaribu. Mwaka 1240 serikali ya Pisa ilimwekea mshahara kwa kazi yake ya kushauri na kufundisha, na baada ya hapo hatusikii habari zake tena. Wala tarakimu zake hazikupokewa na wote. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kilikataza zisitumiwe katika daftari zao.

Nami nilirudi kwa tangi langu. Tuseme saa 12: bomba la kwanza limejaza matangi 3, la pili 2, la chini limemwaga 1. Yabaki matangi 4 kwa saa 12, basi tangi moja ni saa 3. Mwalimu alitia alama ya vema, kisha akanipa jingine lenye mabomba matano.