Karl Terzaghi: Mhandisi aliyekosa kitabu cha udongo, akakiandika

Mhandisi anayetaka kujua kama ardhi ya mahali fulani itabeba ghorofa, daraja au bwawa ana vitabu vya kufungua na majedwali ya kusoma. Miaka 110 iliyopita hakuwa navyo. Anayetajwa zaidi kwa kuviandika ni Karl Terzaghi, na mojawapo ya makala zake zinazojulikana sana inahusu udongo mwekundu wa Kenya.

Terzaghi alizaliwa Prague tarehe 2 Oktoba 1883, wakati mji huo ukiwa chini ya dola ya Austria na Hungary. Alisomea uhandisi wa mitambo huko Graz na kuhitimu mwaka 1904, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye miamba na milima. Alipokuwa akitumikia jeshi alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Kiingereza cha jiolojia.

Kazi za ujenzi zilimwonyesha tatizo. Chuma na mawe vilikuwa na hesabu zake. Kwa udongo kulikuwa na kanuni chache tu, nyingine za tangu enzi za Mfaransa Coulomb katika karne ya 18, nazo hazikueleza kwa nini jengo kwenye mfinyanzi uliojaa maji linaendelea kutitia miaka mingi baada ya mafundi kuondoka. Mabwawa yalibomoka, kuta zikaanguka, na kila mjenzi alibaki kutegemea uzoefu wake.

Mwaka 1912 alikwenda Marekani, ambako serikali ilikuwa ikijenga mabwawa makubwa katika majimbo ya magharibi. Alizunguka kukusanya ripoti, akiamini kwamba akilinganisha aina ya udongo na yaliyolipata kila jengo, kanuni ingejitokeza yenyewe. Haikujitokeza. Ripoti ziliandika mchanga au mfinyanzi laini, na maneno hayo yalimaanisha kitu kimoja kwa mhandisi huyu na kingine kwa yule. Hakuna aliyepima. Alirudi kwao akiwa na karatasi nyingi na majibu machache.

Jibu alilipata Istanbul, alikopelekwa kufundisha mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipoisha alipoteza kazi hiyo, akapata nyingine katika chuo cha Robert mjini humo. Fedha za maabara hazikuwepo. Alitengeneza vifaa vyake kwa visanduku vitupu na vyuma alivyookota kwenye jalala la chuo, kisha akaanza kupima alichokuwa amekikosa vitabuni.

Alichogundua kinaeleweka ukifikiria godoro lililolowa. Ukiliwekea mzigo, mwanzoni maji yaliyomo ndani hubeba sehemu ya uzito. Yakitoka, godoro hubonyea. Mfinyanzi hufanya vivyo hivyo, lakini matundu yake ni madogo mno, kwa hiyo maji hutoka polepole, pengine kwa miaka. Terzaghi alionyesha kwamba nguvu ya udongo inatokana na uzito unaobebwa na chembe zenyewe, baada ya kuondoa ule unaobebwa na maji. Akatoa na hesabu ya kukadiria jengo litatitia kiasi gani na kwa muda gani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1925 kwa Kijerumani.

Baada ya hapo vyuo vilimgombea: MIT ya Marekani, kisha Vienna, na kuanzia mwaka 1938, Austria ilipotwaliwa na Wanazi, Harvard. Mwaka 1948 yeye na Ralph Peck walitoa kitabu cha udongo kwa mhandisi aliye kazini, ambacho bado kinachapishwa.

Hapo ndipo Kenya inapoingia. Katika miaka ya 1950 bwawa la Sasumua lilikuwa likijengwa Kinangop ili kuipa Nairobi maji. Tuta lake ni la udongo mwekundu wa pale pale, na vipimo vya maabara viliwatia wahandisi wasiwasi. Kwa majedwali ya Ulaya na Marekani, udongo wenye mfinyanzi mwingi kiasi hicho na mwepesi hivyo hata baada ya kushindiliwa ulipaswa kuwa dhaifu. Huu ulikuwa imara. Terzaghi, aliyekuwa mshauri, alieleza kwamba chembe zake zimeshikamana katika vibonge vidogo vigumu vyenye matundu, na vibonge hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo. Yaani majedwali yaliyotokana na udongo wa kwingine yangeweza kukataa udongo mzuri. Aliyachapa hayo mwaka 1958 katika jarida la chama cha wahandisi wa ujenzi cha London, na wanaojenga kwenye udongo mwekundu wa nchi za joto bado wanaisoma makala hiyo.

Bwawa la Sasumua bado linapeleka maji Nairobi. Terzaghi alifariki Marekani tarehe 25 Oktoba 1963. Vitabu na nyaraka zake vimehifadhiwa Oslo, Norway, kwenye maktaba yenye jina lake.