Harold Larwood: Aliyekataa kuomba radhi ya uongo

Mpendwa msomaji, Jumapili ya leo nakuomba tuliache soka kidogo, tumtazame mtu mmoja wa mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii, yaani kriketi. Jina lake ni Harold Larwood, mrushaji mpira wa Uingereza, aliyefariki dunia mjini Sydney, Australia, Julai 22, 1995, akiwa na umri wa miaka 90. Katika miaka ya 1930 jina lake lilitajwa kila mahali kriketi ilipochezwa, wengine wakilitaja kwa fahari na wengine kwa hasira.

Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo watu wengi wanaishi nalo makazini. Mkubwa wako amekutuma, nawe umetii. Kazi hiyo imeumiza watu. Baadaye mambo yanapochafuka, wakubwa wanakuletea karatasi utie sahihi, uombe radhi wewe peke yako. Ufanye nini?

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kwa kifupi. Mrushaji anakuja mbio na kurusha mpira mgumu wa ngozi, ambao kwa kawaida hudunda ardhini kabla ya kumfikia mpigaji. Mpigaji anasimama umbali wa kama mita 20, nyuma yake kuna vijiti vitatu vilivyosimikwa, mkononi ana gongo bapa. Mpira ukiangusha vijiti, au akiupiga ukadakwa kabla ya kugusa ardhi, ametolewa. Mpira huo una uzito wa gramu 160 hivi, na Larwood anakadiriwa kuurusha kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa au zaidi. Wakati huo wapigaji hawakuvaa kofia ngumu za kukinga kichwa.

Larwood alizaliwa Novemba 14, 1904, katika kijiji cha Nuncargate, Nottinghamshire, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Harold mwenyewe, akiwa na miaka 14, tayari alikuwa mgodini akiongoza farasi wadogo waliovuta mabehewa ya makaa chini ya ardhi. Hakuwa mrefu, lakini mgodi ulimpa mgongo na mabega. Kriketi ndiyo iliyomtoa gizani. Nottinghamshire ilimwajiri, na mwaka 1926 akaichezea Uingereza kwa mara ya kwanza dhidi ya Australia.

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri, maana bila hilo hatutaielewa habari yake. Kriketi ya Uingereza wakati huo ilikuwa na matabaka mawili. Walikuwapo mabwana, watoto wa wenye nafasi, waliocheza kwa ridhaa bila mshahara. Halafu walikuwapo wachezaji wa kulipwa, watoto wa wafanyakazi kama Larwood. Katika viwanja vingi makundi haya mawili yalibadilishia nguo vyumba tofauti na kuingia uwanjani kwa milango tofauti. Nahodha wa Uingereza alitoka kwa mabwana. Utaratibu huo wa matabaka ulifutwa mwaka 1962 tu. Mchezaji wa kulipwa alitegemewa kufanya jambo moja, nalo ni kutii.

Mwaka 1930 kijana wa Australia, Donald Bradman, aliwaaibisha Waingereza nyumbani kwao. Katika mechi tano alipata mikimbio 974, rekodi ambayo haijavunjwa mpaka leo. Uingereza ikaanza kutafuta dawa yake. Nahodha mpya, Douglas Jardine, bwana aliyesoma Oxford, aliwaalika Larwood na mwenzake Bill Voce kwenye chakula katika hoteli moja ya London, wakajadili mpango. Mpira urushwe mfupi ili udunde na kupanda kuelekea mbavu na kichwa cha mpigaji, na wadakaji wajazwe karibu naye upande wa mguu. Akijikinga kwa gongo, anadakwa. Asipojikinga, anaumia. Dunia ikaja kuuita mtindo huo Bodyline.

Ziara ya Australia ya 1932 hadi 1933 iliutekeleza mpango huo, na ukafaulu. Uingereza ilishinda mechi nne kati ya tano, Larwood akawatoa wapigaji 33. Lakini Januari 14, 1933, mjini Adelaide, mbele ya watazamaji zaidi ya 50,000, mpira wake ulimpiga nahodha wa Australia, Bill Woodfull, kifuani karibu na moyo. Woodfull, mwalimu na mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, aliliacha gongo na kushika kifua kwa maumivu. Larwood alipokuja kumrushia tena, Jardine akawahamishia wadakaji kwenye mtego ule ule wa upande wa mguu. Uwanja ulizomea kwa ghadhabu. Siku mbili baadaye Bert Oldfield alipigwa kichwani, fuvu likapata ufa. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba wakati huo mtego haukuwa umepangwa, na Oldfield mwenyewe alisema mrushaji hakuwa na kosa.

Bodi ya kriketi ya Australia ikatuma simu ya maandishi London, kwa klabu ya MCC iliyokuwa na mamlaka juu ya mchezo, ikilalamika kwamba huo haukuwa uungwana. Mgogoro ukafika hadi kwa mawaziri wa nchi hizo mbili.

Katika mechi ya mwisho, mjini Sydney, mambo mawili yalitokea ambayo kila nikiyasoma yananigusa. La kwanza, Larwood, ambaye si mpigaji, alipata mikimbio 98. Alipotolewa akiwa amebakiza miwili kufikia mia, Waaustralia wale wale waliomzomea walisimama na kumpigia makofi. La pili, mguu wake wa kushoto ulivunjika mfupa alipokuwa akirusha. Aliomba kutoka. Jardine alimkatalia maadamu Bradman bado yuko, maana hakutaka Bradman apate faraja ya kumwona akiondoka. Larwood akamalizia mipira yake akiwa amesimama, kisha akabaki uwanjani akichechemea. Bradman alipotolewa ndipo akaruhusiwa. Mahasimu hao wawili wakatoka pamoja, bila kusemezana. Larwood hakuichezea tena Uingereza.

Mguu ulipona kiasi cha kurudi kurusha. Kilichoufunga mlango wa timu ya taifa kilikuwa karatasi. Jardine, aliyebuni na kuamuru, aliendelea kuwa nahodha na kuiongoza Uingereza nchini India msimu wa 1933 hadi 1934, kisha akajiondoa mwenyewe. Kwa Larwood ilikuwa tofauti. Mwaka 1934 Waaustralia walitarajiwa kuja Uingereza, na wakubwa walitaka amani. Tajiri mmoja mwenye cheo katika klabu yake, Sir Julien Cahn, alimweleza kwamba akitaka kuchaguliwa tena inabidi aiombe radhi MCC kwa jinsi alivyorusha. Larwood akakataa. Alijibu kwamba alifuata maagizo ya nahodha wake na hakuwa na la kuombea radhi.

Mpendwa msomaji, tazama radhi hiyo ilikuwa iombwe kwa nani. Si kwa Woodfull aliyepigwa kifuani, wala kwa Oldfield aliyepasuka fuvu. Ilikuwa iombwe kwa wakubwa waliomtuma, waliopokea ushindi na kuushangilia. Radhi ya namna hiyo haimponyi aliyeumia. Kazi yake ni kumwosha mkubwa kwa maji ya mdogo.

Maandiko Matakatifu yana kisa kinachofanana. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na 12, mfalme Daudi aliandika barua kumwamuru Yoabu, jemadari wake, amweke Uria mbele kabisa penye vita vikali ili auawe. Yoabu akatii, Uria akafa. Mungu alipomtuma nabii Nathani, hakumpeleka kwanza kambini kwa Yoabu. Alimpeleka ikulu. Nathani alisimama mbele ya aliyeandika barua na kumwonesha kwamba mwenye kosa ni yeye. Mungu wetu hadanganyiki na ngazi za vyeo. Yesu naye, katika Injili ya Luka 12:48, anafundisha kwamba aliyekabidhiwa vingi atadaiwa vingi zaidi.

Je, basi Larwood hakuwa na doa? Sitaki kumfanya malaika. Yoabu naye mikono yake haikuwa safi. Katika timu ile ile Gubby Allen alikataa kurusha kwa mtindo ule. Nawab wa Pataudi, mwana wa mfalme kutoka India, alikataa kusimama kwenye mtego, na baada ya mechi mbili akaachwa. Kwa hiyo kukataa kuliwezekana. Lakini Allen alikuwa bwana asiyetegemea mshahara wa kriketi, na Pataudi alikuwa na milki yake kwao. Kwa Larwood, nyuma ya neno hapana kulikuwa na mgodi. Kanisa linafundisha kwamba amri ya mkubwa haiizimi dhamiri ya mtu. Linafundisha pia kwamba hofu na shinikizo hupunguza uzito wa lawama. Mambo hayo mawili tuyashike pamoja. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Larwood aliendelea kuichezea Nottinghamshire hadi mwaka 1938, akiwa ametoa wapigaji 1,427 katika mechi za daraja la kwanza. Baada ya vita alifungua duka dogo la peremende mjini Blackpool, akaishi kimya kama mtu anayetaka kusahauliwa.

Mwaka 1948 alimtembelea Jack Fingleton, mwandishi wa habari wa Australia, ambaye mwaka 1933 alikuwa mmoja wa wapigaji waliosimama mbele ya mipira yake. Alimkuta mtu mwenye huzuni, akamshauri ahamie Australia. Ahamie kwa wale aliowapiga! Mwaka 1950 Larwood, mke wake Lois na mabinti zao watano walipanda meli iitwayo Orontes, meli ile ile iliyokuwa imeibeba timu yake kwenda kwenye ziara ya Bodyline. Huko, Ben Chifley, aliyekuwa waziri mkuu na ambaye ujanani alikuwa dereva wa treni, alisaidia kimyakimya kulipia malazi yao ya mwanzo. Larwood akapata kazi katika kampuni ya vinywaji baridi, akaishi Sydney hadi kifo chake. Oldfield, yule aliyepasuka fuvu, akawa rafiki yake.

Hapo ndipo naona Injili. Upatanisho ambao haukupatikana kwa karatasi ya London ulipatikana kwa mkono ulionyooshwa na aliyeumizwa. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anatuagiza tuiache sadaka mbele ya altare, twende kwanza tukapatane na ndugu. Anatutuma kwa ndugu mwenyewe, uso kwa uso.

Sisi mapadre tunaoketi katika kiti cha maungamo tunajua kwamba toba ya kweli inadai ukweli wote. Anayepunguza dhambi yake anajidanganya. Vivyo hivyo anayekiri asilolitenda, kwa hofu au kwa kulinda kibarua, hajatubu. Amesema uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Ndugu yangu karani, mhasibu, dereva, muuguzi: kama umeshiriki kosa, kiri sehemu yako bila kuipamba, umtafute uliyemuumiza. Usikubali kuwa beseni la kunawia mikono ya Pilato.

Nanyi wenye vyeo, wazazi, wakuu wa idara, nasi makasisi pia, tujiulize: ni nani amebeba lawama ya jambo tuliloliagiza sisi? Huenda yuko kwenye duka lake dogo mahali fulani, akitaka kusahauliwa. Barua ya radhi huenda inatakiwa itoke kwetu kwenda kwake.

Mwaka 1993 serikali ya Uingereza ilimpa Larwood nishani ya MBE. Alikuwa na miaka 88, macho yamepoteza nguvu, na miaka 60 ilikuwa imepita tangu Adelaide. Haki iliyochelewa kiasi hicho ni bora kuliko kutofika kabisa, lakini wapo wanaokufa wakiisubiri. Wiki hii usimcheleweshe mtu wako.

Tuombe: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kukiri yaliyo yetu, na nguvu ya kutowabebesha wadogo mizigo ya wakubwa. Utupe pia moyo wa kumtafuta aliyetuumiza kabla hajazeeka katika huzuni. Amina.