Michelson na Jibu Lisilotarajiwa

Taaluma yangu ni isimu, si fizikia. Hata hivyo, kila nisikiapo kwamba wanafunzi wetu hupika matokeo ya majaribio ya maabara ili yaafikiane na kitabu, humkumbuka Albert Michelson.

Alizaliwa mwaka wa 1852 mjini Strelno, uliokuwa chini ya Prussia na ambao sasa umo Poland. Wazazi wake walihamia Marekani angali mtoto mdogo, akakulia katika miji ya wachimba madini huko California na Nevada. Alihitimu katika Chuo cha Wanamaji cha Annapolis mwaka wa 1873, kisha akafundisha papo hapo na kupima kasi ya mwanga.

Wataalamu wa zama hizo waliamini kwamba mwanga husafiri ndani ya kitu kisichoonekana kiitwacho etha. Ili kuitafuta, Michelson alibuni interferomita. Ndani yake mwale mmoja hugawanywa, kila sehemu ikapita njia yake, kisha zikakutana na kuchora mistari ya mwanga na giza. Njia moja ikirefuka hata kwa sehemu ndogo ya wimbi, mistari husogea.

Wepesi huo wa kuhisi ulikuwa baraka na balaa. Mjini Berlin vishindo vya barabarani viliivuruga mistari hata usiku wa manane, ikambidi ahamie Potsdam mwaka wa 1881. Mwaka wa 1887 huko Cleveland, yeye na Edward Morley walikiweka chombo juu ya jiwe pana lililoelea kwenye zebaki, kikatulia.

Walitarajia mistari isogee kwa sehemu nne kwa kumi za nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Haikusogea kiasi cha kutajika. Michelson, ambaye hakuiacha kabisa imani yake katika etha, alichapisha alichokiona. Mwaka wa 1905 Einstein akatoa nadharia isiyohitaji etha. Mwaka wa 1907 Michelson akawa Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel katika sayansi. Alifariki mwaka wa 1931.

Leo wahandisi huchuja mwanga wa leza uliobebeshwa ishara kwa interferomita za nyuzi za kioo. Ugonjwa ni ule ule: joto likibadilika kidogo, urefu wa njia nao hubadilika. Kwa hiyo huzifungia nyuzi katika kasha lenye joto lisilobadilika, na kuuvuta uzi kwa nguvu za umeme kila chombo kinapopotoka.

Hapo ndipo lilipo funzo. Michelson aliweza kuliamini jibu lake kwa sababu alikuwa amekwisha kukituliza chombo chake. Mwalimu amkataye mwanafunzi alama kwa kuwa jibu halifanani na la kitabu, bila kumwuliza alipimaje, anamfundisha kudanganya.